Ashakum si matusi: uanze na Kiarabu kipi ili ujue umestahiwa au umetukanwa?

Mtu wa pwani akitaka kutaja jambo la aibu hutanguliza “ashakum si matusi”. Nusu ya kwanza ya msemo huo ni Kiarabu kitupu, “hashakum”, yaani mbali nanyi, lisiwaguse hili ninalotaka kulisema. Nusu ya pili tumeitia wenyewe. Ukifika Fez au Casablanca, Moroko, leo utalisikia neno hilohilo kila siku, ila wao hulileta mwishoni: mtu ataje punda, kiatu, choo au mbwa, kisha amalizie “hashak”. Ghuba watasema “akramkum Allah”, Mungu awakirimu. Mmisri atasema “la muakhza”, usinichukulie vibaya. Msyria na Mlebanoni, “bala zughra”, bila kukushushia hadhi. Adabu ni moja na maneno ni manne, na asiyeyajua hupitwa nayo, asijue kwamba amestahiwa.

Nafundisha Kiarabu cha mazungumzo kwa watu wanaojiandaa kusafiri, na swali la kwanza huwa lilelile: nianze na Kiarabu cha wapi? Wengi hupima kwa urahisi wa matamshi, au kwa filamu, au kwa mshahara unaowangoja. Mimi nawaomba waongeze kipimo kimoja. Mtu akikukasirikia, utajua? Akikutania, utajua kwamba si ugomvi? Akikudhalilisha mbele za watu kwa sauti ya upole, utalinasa? Kwa kipimo hiki lahaja za Kiarabu zinaachana mbali kuliko zinavyoachana katika kuomba maji au kuuliza bei. Kiarabu fasaha cha madrasa na cha taarifa ya habari hakikufikishi. Kweli, zama za utawala wa Banu Umayya washairi Jarir na al-Farazdaq walitukanana kwa mashairi ya fasaha miaka mingi na watu wakayahifadhi. Mwenye hasira sokoni leo anatukana kwa lugha ya mama yake.

Misri: sauti iko juu, uzito uko kwingine

Matusi ya Cairo utayasikia kabla hujayaelewa. “Ya himar”, ewe punda. “Ya hayawan”, hili halihitaji tafsiri kwetu. “Ya gazma”, ewe kiatu. “Ya ibn il-kalb”, mwana wa mbwa. Kiatu na mbwa si vya Wamisri peke yao: tarehe 14 Desemba 2008, mjini Baghdad, mwandishi wa habari Muntadhar al-Zaidi alipomrushia Rais George W. Bush viatu alimwita mbwa pia, na Waarabu wote, popote walipo, walielewa ukubwa wa tusi lile bila kuelezwa.

Lakini Mmisri ana ustadi wa kulikata tusi mkia likawa sifa. “Ibn il-eh”, mwana wa nini, na “ibn il-lazina”, mwana wa wale ambao. Sentensi imeachwa hewani makusudi, na maana yake ni kwamba umefanya jambo la werevu, umewashinda. Mgeni akisikia “ibn” hukunja uso. Asikunje. Angoje asikie kama neno limemaliziwa au limeachwa.

Linalouma Misri ni jepesi kwa sauti: “mish mitrabbi”, hukulelewa, au “alil il-adab”, mtu asiye na adabu. Hapa Mswahili yuko nyumbani, maana kwetu pia “hukufunzwa kwenu” humpiga mama aliye jikoni kuliko mtoto aliye barabarani.

Kuna jingine la Misri ambalo watu waliokulia kwenye taarabu watalitambua mara moja. Linaitwa “radh”. Ni ugomvi wa wanawake wa mitaa ya kawaida, mkono kiunoni, makofi, maneno yanayokwenda kwa mdundo, majirani madirishani. Wenyewe husema fulani “amemtandikia melaya”, melaya ikiwa lile shuka jeusi walilojitanda wanawake wa mitaa hiyo zamani. Ni mipasho, ila haipigiwi kinanda na haifichwi katika fumbo. Mwanamke wa Unguja angemaliza kazi kwa kanga moja yenye maneno, akapita mlangoni kimya. Wa Cairo anataka mtaa mzima ushuhudie. Ukikuta radh, ondoka, usiamue. Kuingilia kati ni kumpa mgomvi mtu wa pili wa kumtandikia.

Kosa kubwa la wanafunzi wetu pale Al-Azhar, hata hivyo, halimo katika matusi. Limo katika “inta”, wewe. Mmisri akizungumza na mkubwa, profesa, afisa au mgeni husema “hadritak”, na kwa mwanamke “hadritik”. Sisi heshima tumeiweka katika shikamoo na katika mama, baba, bibi, shangazi. Kiwakilishi “wewe” tunamwambia yeyote. Kwa hiyo kijana wetu mpole, mwenye hifdhi na adabu zake zote, anamwambia mwalimu “inta” mwaka mzima na hakuna anayemsahihisha. Wanamwona tu kuwa mkavu. Katika Kimisri nafundisha “hadritak” siku ya kwanza, kabla ya tarakimu.

Ghuba: usisubiri kelele

Anayetoka Mombasa, Kampala au Dar es Salaam kwenda Riyadh, Doha au Dubai akiwa amejifunza kwa filamu za Misri anasubiri tusi lenye kishindo, na mara nyingi halimfikii katika sura hiyo. Yapo ya wazi, bila shaka. “Tes”, beberu, na “thor”, fahali, ni mjinga kwa Wasaudia. “Ma tistihi”, huoni haya. “Ma fik kher”, huna kheri. Laana yenyewe imegeuzwa herufi: sisi tunasema laana, Kiarabu fasaha vilevile, lakini Ghuba hulaani kwa “na'al”, “yin'al abuk”, alaaniwe baba yako, na masikio yanayongoja “la'an” hayalipati.

Mengi zaidi hupita bila neno chafu. Chukua “rafiq”, neno lililotupa rafiki. Katika maduka na maeneo ya ujenzi ya Ghuba hutumika kumwitia kibarua ambaye hakuna aliyejali kuuliza jina lake, hasa wa kutoka Bara Hindi. “Rafiq, njoo.” Ukilitafuta katika kamusi ni neno jema. Ukilisikia mara kumi kwa siku unajua limekuweka wapi. Vivyo hivyo “ya walad”, ewe mtoto, akiitwa mtu mwenye wajukuu.

Kwa wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani kuna jozi moja ya maneno ya kupima vizuri. Kenya na Uganda yameingia kama “kadama” na “shagala”, na watu hujitambulisha nayo bila kinyongo. Kwa Mwarabu hayalingani. “Khaddama” ni mtumishi, na limebeba uzito wa zamani wa mtu wa chini. “Shaghghala” limetoka katika “shughl”, shughuli, kazi. Mkataba husema “amila manziliyya”, mfanyakazi wa nyumbani. Nyumba inayokuita kwa jina lako, au “shaghghala”, imekwisha kukuambia jambo. Usijiite “khaddama” wewe mwenyewe.

Na kuna la kukuondolea hofu. Mama wa Kuwait au Bahrain akisema “al-yahil nayim” hajamtukana mtu: “yahil” ni “jahil” kwa matamshi yao, na kwao ni mtoto mdogo. Mtoto amelala. Yaya anayekuja na “jahili” yetu kichwani anaweza kukaa na donge bure.

Oman ni Ghuba, lakini nawaombea wasomaji waitenge. Watu wengi wa Muscat walitoka Unguja na Pemba, baadhi baada ya mapinduzi ya 1964 na wengine Sultan Qaboos alipoingia madarakani 1970, na Kiswahili kingali kinasemwa majumbani. Mwomani hapazi sauti. Maamkizi yake ni marefu: baada ya salamu na hali huulizana “shay ulum?”, je, kuna habari, na jibu ni kwamba hakuna ila kheri. Anayekupa salamu kavu akageuka bila kuuliza “ulum” amekuvunjia heshima, na waliokaa karibu wameona. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe atalielewa hili bila darasa.

Jambo la mwisho la Ghuba ni la sheria, nami nalisema kwa msisitizo kwa sababu simu haina utani. Falme za Kiarabu, kwa sheria yake namba 34 ya mwaka 2021, huadhibu matusi yanayopitia mtandaoni kwa kifungo au faini ya dirhamu 250,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Ujumbe wa sauti uliotumwa kwa hasira ni ushahidi. Tukana ukuta wa chumba chako kama huna budi, usitukane WhatsApp.

Sham: laana iliyo mapenzi

Syria, Lebanon, Palestina na Jordan nitazipitia haraka, kwa kuwa ugumu wake ni mmoja: maneno ya kutisha yanayosemwa kwa upendo. “To'borni”, unizike, mama humwambia mtoto wake, maana yake mama asiishi kuona kifo cha mwanawe. “Yikhrib betak”, nyumba yako ibomoke, huweza kufuatwa na “jinsi ulivyopendeza!” Cairo pia wanalo hilo la pili. Kipimo ni uso na sauti, na baada ya miezi miwili utakuwa umeshazoea. Tusi la kweli huko hugusa dada na mama, na hapo sura hubadilika kabisa, huwezi kukosea.

Maghreb: afya ya moto

Kuna mfano mmoja tu ninaoutoa kuhusu Moroko, na hutosha kumfanya mtu aliyepata nafasi ya masomo Rabat akubali kujifunza Darija, Kiarabu cha huko, tangu mwanzo. Sham na Ghuba, ukipita penye mtu anafanya kazi, adabu ni kumwambia “Allah ya'tik il-afya”, Mungu akupe afya. Neno ni letu pia. Moroko “afya” ni moto. Umemwombea fundi akapewe moto. Wao husema “Allah ya'tik is-sahha”, akupe siha.

Hilo “hashak” nililoanza nalo lina upande wake wa giza huko. Wazee wengine walizoea kulitia hata baada ya kumtaja mwanamke, “l-mra, hashak”, kama alivyotajwa punda. Wanawake wa Moroko wamelipinga hilo, na haki yao. Ukilisikia, usiliige kwa kudhani ni adabu.

Sudan

Kwa miaka mingi vijana wetu walikwenda Khartoum, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, wakarudi na Kiarabu laini chenye “ya zol”, ewe mtu, neno la urafiki. Mjinga kwao ni “awir”. Matamshi yao hukaa vizuri katika kinywa cha Mswahili. Vita vilivyoanza Aprili 2023 viliifunga njia hiyo. Angalizo moja: “sharmut” kwa Msudani ni nyama kavu iliyokatwa nyuzinyuzi, na mchuzi wake ni mtamu. Cairo au Beirut neno hilo likiongezwa “a” mwishoni ni malaya. Usiagize kwa jina hilo nje ya Sudan.

Maneno yetu yatakayokuponza

Kiswahili kimechukua matusi mengi ya Kiarabu kikayafanya maneno ya kawaida. “Kahaba” tunaliandika magazetini. Kwa Waarabu, “qahba” au “gahba” la Ghuba, ni neno ambalo mtu mwenye staha halitoi kinywani, na Moroko na Algeria ni miongoni mwa mazito kabisa. “Kuwadi” ni “qawwad”, na Tunisia au Iraki linaweza kumwaga damu. “Hanithi” vivyo hivyo. Anayezungumza Kiarabu cha kuokoteza huchomeka haya akidhani anasimulia tu habari.

“Mwanaharamu” lina ngazi. Kwetu mtu humwambia rafiki aliyemzidi ujanja, na Sham “ibn haram” huweza kuwa hivyohivyo. Ghuba “wild haram” ni kumzulia mama wa mtu zinaa, na watu wanaokumbuka kwamba Sura ya Nur imeweka mboko 80 kwa anayesingizia wanawake wema hawalichukulii kama mzaha.

Mengine yanakwenda kinyume. “Fidhuli” kwetu ni mtu wa kiburi. Mwarabu akikuita “fuduli” anasema wewe ni mdaku. “Mabsut” ni mwenye furaha karibu kila mahali, lakini Mwiraki anaweza kuelewa kwamba umechapwa. Na harusi: Ghuba “irs” ni arusi, na “mi'ris” ni bwana arusi. Misri “ars” na “mi'arras” ni kuwadi. Aliyejifunza Muscat akamuuliza rafiki wa Cairo kama yeye ndiye “mi'ris” atajuta. Pale waulize kuhusu “farah”. Vilevile “mara”, mwanamke, ni neno la kawaida Sham. Misri ni kumdharau, sema “sitt”.

Rangi: hapa hakuna lahaja safi

Sitaficha kwamba sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Neno lililoenea ni “abd”, mtumwa, wingi “abid”. Sisi tunalo katika majina, Abdalla, Abdulrahman, Abdi, mja wa Mungu. Likiondolewa Mungu likarushiwa mtu mweusi njiani, limebaki tusi tupu. Utalikuta Sham, utalikuta Misri, na Sudan kwenyewe limetumiwa dhidi ya watu wa Darfur na wa Kusini. Beirut hata karanga ni “fustu' abid”, njugu za watumwa, wakati Cairo karanga hizohizo ni “ful sudani”, za Sudan. Misri Wanubi wameitwa “barbari”. Oman na jirani zake, waliozaliwa katika koo za waliokuwa watumwa huambiwa “khadim”. Yemen kuna “akhdam”, ambao wenyewe wanataka waitwe “muhammashin”, waliosukumwa pembeni. Tunisia ni “wsif”, Moroko “azzi”.

Nataka msomaji ayashike yote, hata ya lahaja asiyokusudia kujifunza, kwa sababu mara nyingi husemwa kwa tabasamu, na ukiuliza unaambiwa ni la mapenzi, ni kuzoeana tu. Sikubali. Wanaosema hivyo wanaijua hadithi ya Abu Dharr, sahaba wa Mtume, aliyemtusi mtu kwa mama yake, na riwaya nyingine zinasema alimwita mwana wa mwanamke mweusi. Mtume alimwambia kwamba yeye ni mtu ambaye ndani yake bado mna ujahiliya. Mwarabu mcha Mungu akikumbushwa hadithi hiyo kwa upole, nimeona akinyamaza. Tunisia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2018 ikatunga sheria namba 50: tusi la ubaguzi wa rangi ni kifungo cha mwezi mmoja hadi mwaka, au faini ya dinari 500 hadi 1,000, au vyote viwili. Anayeishi Tunis ana haki ya kuijua namba hiyo.

Basi uchague ipi

Mwenye tikiti ya Ghuba aanze na Kiarabu cha Ghuba, asipite Misri kwanza. Najua Kimisri kina filamu, kina walimu, kinaeleweka kote. Lakini masikio yatakuwa yamefunzwa kungoja kelele, na nyumba atakayoingia inaweza kumdharau kwa sauti ya chini. Kama ni Muscat, atafute Mwomani wa nyumba inayosema Kiswahili amfundishe maamkizi kwanza, msamiati baadaye.

Anayekwenda Al-Azhar hana la kuchagua, ni Kimisri na “hadritak”. Anayekwenda Beirut au Amman, Kishami. Rabat au Casablanca, Darija peke yake.

Asiye na safari bado, anayetaka tu mlango wa kuingilia, mimi namwelekeza kwa Wasudani. Wengi wamekimbilia Kampala na Nairobi, kwa hiyo mwalimu yuko karibu. Kiarabu chao kinaeleweka Misri na Saudia, ambako wamefanya kazi miaka mingi, na ni chepesi kwa ulimi wetu. Hasara ni kwamba Cairo watakuitia “ya zol” kwa kukutania, na itakubidi ubadilishe “q” na “j” ukifika.

Na ugomvi ukianza, mahali popote kati ya hapo, jibu linalojulikana na wote ni “ihtarim nafsak”, jiheshimu. Lina ukali, lifae kwa aliye sawa nawe. Mbele ya mwajiri sema “Allah yisamhak”, Mungu akusamehe, halafu unyamaze. Aliyekutukana amebakiwa na kosa mikononi, na huna neno ulilosema ambalo anaweza kulipeleka polisi. Ukiwa pembeni unataka kuwapoza wawili, Misri sema “salli 'an-nabi”, Ghuba “idhkir Allah” au “ta'awwadh min ish-shaytan”. La kwanza umelisikia tangu utoto: mswalie Mtume.